Nyimbo Ninazowatumia Rafiki Zangu Hazijibiwi Tena, na Mmoja Wao Nimemuumiza

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia kutoka Walukuba, hapa Jinja, nikiwa na jambo ambalo wanangu wanaliona dogo lakini mimi linaninyima usingizi. Nina umri wa miaka 58, mume wangu ametangulia mbele ya haki, na watoto wote wana miji yao. Mchana niko sokoni nikiuza vitenge. Jioni, nikishafunga mlango, watu ninaozungumza nao ni rafiki zangu kumi na mmoja wa mtandaoni, ambao sijawahi kuonana ana kwa ana na hata mmoja wao. Tulijuana kwenye Facebook, katika ukurasa wa wapenzi wa nyimbo za zamani, na Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021 tukahamia WhatsApp. Yupo wa Kisumu, yupo wa Mwanza, wawili wako Bunia kule Kongo, mmoja yuko Arua, na waliobaki wametawanyika kati ya Kampala, Tororo na hapa Jinja. Tunazungumza Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine tunayoielewa sote.

Mimi ndiye mtumaji wa nyimbo. Hakuna aliyenichagua, ilitokea tu, na nadhani ni kwa sababu ya baba yangu. Marehemu baba alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, na hapa Walukuba, ambako wafanyakazi walitoka kila upande wa nchi na hata nje yake, Kiswahili kilikuwa lugha ya bombani na ya barazani. Alikuwa na gramafoni na santuri zipatazo arobaini, ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa. Nakumbuka Januari 1979, habari za kifo cha mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe zilipotufikia, kwamba amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Nchi yetu na Tanzania zilikuwa vitani wakati huo, na kupiga wimbo wa Mtanzania kwa sauti kubwa kungeweza kumletea mtu maswali. Baba alifunga madirisha, akaifunika spika kwa shuka, akatupigia santuri zake mbili, nasi tukakaa sakafuni karibu kabisa ili tusikie. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo nikiusikia wimbo mmojawapo kati ya zile, naisikia na harufu ya lile shuka.

Basi kila Ijumaa usiku huwatumia wenzangu nyimbo kama hizo, pamoja na vipande vya vichekesho vya zamani. Zamani nikituma wimbo mmoja tulikuwa tunaujadili mpaka saa sita za usiku. Sasa hawajibu. Tiki zinageuka bluu, kisha kimya. Mwezi uliopita nilituma vitu tisa kwa jioni moja, nikidhani labda nikiongeza nitapata hata kimoja kitakachowagusa, lakini waliojibu ni wawili tu. Wa kwanza ni kijana wa Kampala, aliyesema, "Mama, hizi nyimbo zako zinatufanya tuonekane kama tuko matangani."

Hilo ningelivumilia. Linalonisumbua zaidi ni la dada yetu wa Arua, ambaye ananizidi miaka minne na ambaye kwa kweli ndiye niliyekuwa nampenda kuliko wote. Miongoni mwa vile vitu tisa kulikuwa na kipande cha mchezo wa jukwaani, ambamo askari anasimama kwenye kizuizi cha barabarani na kumwuliza msafiri kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Wewe natoka wapi? Kitambulisho iko wapi?" na msafiri anatetemeka na kujibu upuuzi. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Dada aliandika sentensi moja tu: "Hayo kwetu si ya kuchekesha." Sikujua la kusema, nikanyamaza. Tangu siku hiyo zimepita wiki tatu na hajaandika neno. Nimemtumia nyimbo tatu anazozipenda, moja baada ya nyingine, nikitumaini zitamlainisha, naye amezisoma bila kujibu.

Je, niache kutuma? Au nijitoe kabisa katika kundi, niwaachie nafasi yao? Baba angekuwa hai ningemwuliza yeye.

Ni mimi,
Binti wa Fundi, Walukuba, Jinja

SHANGAZI ANAJIBU

Dada yangu Binti wa Fundi,

Usijitoe katika kundi. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Barua yako ina mambo mawili ambayo umeyafunga katika furushi moja, nami nitayafungua, nikianza na la dada wa Arua, kwa sababu lile la ukimya wa kundi linaweza kungoja, bali hili la dada haliwezi.

Wewe na mimi tunafahamu kwa nini kichekesho cha kizuizini kinawachekesha watu wengi wa huku kwetu. Kiswahili kiliwafikia wazee wetu wengi kwa mdomo wa askari, tangu jeshi la mkoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, watu wa Buganda na Busoga walikuwa tayari wamezoea kukisikia kikitoka upande wa bunduki. Vizuizi vya barabarani vilipoondoka, waigizaji walivipandisha jukwaani, na watu wakacheka ili woga uwatoke. Kicheko hicho sikidharau hata kidogo. Nimewaona wazee waliopoteza watu wao katika miaka ile wakicheka vichekesho vya namna hiyo na kisha kufuta macho kwa leso, na nilielewa kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Sasa uangalie upande wa Arua. Amin alihesabiwa kuwa mtu wa huko, na alipoanguka Aprili 1979, watu wengi wa West Nile, mkoa wa Arua, ambao hawakuwahi kushika silaha walitiwa katika hesabu yake. Oktoba 1980 vita viliingia katika mkoa wao, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda Sudan na Zaire, wakaishi ukimbizini miaka mingi. Dada yetu, kwa hesabu ya umri uliyonipa, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Wala si hilo tu. Katika soko la Arua Kiswahili si lugha ya askari: ni lugha ya kuuliza bei, ya kutongozana, ya kumbembeleza mtoto. Kwa hiyo unapomtumia askari anayetisha watu kwa Kiswahili cha kuvunjika, na lafudhi anayoigiza ni ya kaskazini, yeye anaweza kuona mambo mawili kwa pamoja: kizuizi ambacho huenda alikipita kweli, na lugha ya mama yake ikichekwa kama lugha ya wauaji. Sijui lipi kati ya hayo lilimchoma, nawe hulijui, na nakuomba usimwulize. Akitaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe, katika siku anayoichagua yeye.

Kosa lako kubwa halikuwa kutuma kile kipande. Kosa ni ule ukimya uliofuata, na zile nyimbo tatu. Nisikilize hapa, dada yangu, maana najua ulizituma kwa moyo mwema. Mtu amekuambia umemkanyaga, nawe badala ya kuondoa mguu umempa sahani ya wali. Wali ni mtamu, lakini mguu bado uko pale pale. Ndiyo maana anazisoma na hajibu: akizishukuru nyimbo itaonekana yale mengine yamepita, na kwake hayajapita.

Nilikulia Tororo, ambako redio ya taifa ya Kenya ilikuwa inasikika vizuri kuliko ya kwetu, na Leonard Mambo Mbotela, ambaye Mungu alimchukua Februari 2025, alikuwa akitujia na kipindi chake cha kuuliza kama jambo fulani ni la uungwana au si la uungwana. Mama yangu alikuwa akikisikiliza huku akichambua mchele, na kila kisa kilipokwisha alitoa hukumu yake kabla ya mtangazaji. Hukumu niliyoisikia mara nyingi zaidi kwake ilikuwa fupi sana: "Angesema samahani siku ile ile." Siku ile ile kwako imepita, lakini bado una sauti. Mpigie simu. Usiandike, kwa sababu maandishi yanasomwa kwa sauti ya msomaji, na sauti yake juu yako kwa sasa imejaa uchungu. Mwambie maneno yanayokaribia haya: "Dada, nilituma kichekesho cha askari kizuizini, ukaniambia kwenu si cha kuchekesha, nami nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa la pili. Nisamehe. Huna haja ya kunieleza lolote." Kisha nyamaza kweli, umwachie yeye nafasi. Usimwambie kwamba hukukusudia, kwa sababu analijua hilo, na usimwambie kwamba huku kwetu kila mtu anakicheka, kwa sababu hilo ndilo linalomuuma. Asipopokea, mrekodie ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, umtumie mara moja tu.

Ndani ya kundi nako useme neno, lakini fupi, bila kumtaja yeye wala Arua: kwamba kile kipande hukukipima vizuri na unaomba radhi kwa yeyote aliyeumia. Kukifuta kwa wote huwezi tena, maana WhatsApp hutoa muda wa siku mbili na ushei tu, na hata ungeweza, nisingekushauri ufute kitu ambacho watu wameshakiona.

Nakuletea mfano mmoja wa upande wa nyimbo, usije ukadhani ni vichekesho peke yake vinavyobeba mizigo. Kila Desemba, kuanzia Kampala mpaka vijijini, madukani na kwenye teksi, tunasikia nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya, na kwa wengi wetu sikukuu haijaanza mpaka sauti yake isikike. Lakini Lutaaya ndiye yule aliyejitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema kwamba ana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo hakuna mtu mashuhuri katika nchi hii aliyewahi kuthubutu, na akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, siku kumi kabla ya Krismasi. Kuna nyumba ambazo katika miaka ile zilizika watoto watatu, wanne. Katika nyumba hizo sauti ile ile inaleta pilau na inaleta kaburi, na nimewahi kukaa sebuleni ambamo binti aliongeza redio na shangazi yake akatoka nje bila kusema kitu. Hakuna aliyekosea pale. Lakini yule binti alimfuata shangazi yake uani, na nakumbuka kuona mikono yao imeshikana juu ya beseni la vyombo. Hicho ndicho ninachotaka ukifanye kwa simu.

Sasa ukimya wa kundi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona jibu limo ndani yake, katika zile santuri za baba yako.

Santuri ndogo za zamani, zile za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika chache tu za muziki. Rumba la Kongo lilikuwa refu kuliko hapo, kwa hiyo mara nyingi wimbo uligawanywa: upande wa kwanza waimbaji wakasimulia kisa chao taratibu, na magitaa ya sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, yakakusubiri upande wa pili. Kila aliyekulia katika nyumba yenye gramafoni anakumbuka kilichotokea katikati. Sindano ilikwaruza, muziki ukakatika, mwenye gramafoni akainuka, akaipangusa santuri kwa kitambaa, akaigeuza. Katika nusu dakika hiyo watu walizungumza. Mmoja aliuliza yule mwanamke aliyeimbwa alimwacha nani, mwingine akasema aliusikia wimbo huo kwenye harusi ya fulani, mtoto akatumwa maji. Baba yako aliinuka hivyo jioni zote, nadhani, na mazungumzo ya nyumba yenu yalikuwa yakiishi katika nafasi ile aliyowaachia.

Wewe Ijumaa ile uliweka santuri tisa bila kuinuka hata mara moja. Wenzako hawakupata pa kuingilia. Tena kuna gharama, ambayo watu wa heshima hawaitaji: wimbo wa dakika nne kwa sauti peke yake unakula kama megabaiti nne, lakini ukiutuma kama video unaweza kufika kumi na tano au ishirini, na tangu Julai 2021 kila kifurushi cha intaneti tunachonunua hapa Uganda kina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Aliyetaka kufungua vitu vyako vyote tisa alitumia data aliyokuwa ameipanga kwa siku kadhaa. Nina hakika wapo waliozima kupakua, wakaona tiki tu, wakaenda kulala. Tuma sauti badala ya video kila inapowezekana, na kama ni video, andika ni ya dakika ngapi.

Lakini hata data si kiini cha jambo. Angalia vile vitu tisa kwenye simu yako uone vingapi vina mishale miwili juu yake, ile alama inayoonyesha kwamba vimeshapitia mikononi mwa watu wengi. Kitu cha namna hiyo hakina mwenyewe. Mtu wa Mwanza akikipokea hajui amekipata kwako au kwa jirani yake aliyemtumia jana. Na wakati huo huo, katika barua hii uliyoniandikia mimi, mtu usiyemjua, umenipa madirisha yaliyofungwa na spika iliyofunikwa shuka katika Januari ya vita. Je, hao kumi na mmoja umewahi kuwasimulia hilo? Nimetafuta dalili katika barua yako sikuiona. Umekuwa ukiwapa wimbo na kubaki na shuka, kumbe shuka ndilo wanalolihitaji, maana wimbo wenyewe wanaweza kuupata popote.

Kwa hiyo utume wimbo mmoja kwa Ijumaa moja. Kabla yake andika mistari mitano au sita ya kwako mwenyewe: ulikuwa wapi, nani alikuwa hai, jiko lilikuwa linapika nini. Baada yake mwulize mtu mmoja kwa jina lake, usiulize kundi zima, kwa sababu swali la wote halina wa kulijibu. Wale wawili wa Bunia waulize maneno ya Kilingala yanasema nini, maana wengi wetu tumecheza nyimbo hizo miaka arobaini bila kujua kama tunacheza msiba au harusi. Wa Mwanza mwulize ule wimbo wa Mbaraka uliochezwa chini ya shuka kwenu ulikuwa unachezwaje kwao usiku ule ule. Na Ijumaa nyingine usitume kabisa, mpe mwenzako zamu.

Yule kijana wa Kampala mpe zamu ya kwanza. Mtu wa miaka thelathini na tano alikuwa shuleni wakati mwanamuziki wetu Chameleone alipokuwa anatoka na nyimbo zake za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwake hizo ndizo zilizopendwa. Hakukutukana, amekuomba kiti.

Kuhusu vichekesho, endelea navyo, maana kundi lisilocheka halidumu. Nakuomba tu, kabla ya kukituma kipande, usikie ni nani anayechekwa ndani yake. Kikiwa kinamcheka tajiri mbahili, au mume anayedanganya, au kiongozi mwenye maneno mengi, kitume bila wasiwasi. Kikiwa kinacheka lafudhi ya kabila fulani, yapitie majina ya kundi lako kumi na moja, moja baada ya jingine, kabla ya kubonyeza.

Ijumaa hii usitume kitu chochote. Mpigie dada yako Jumamosi, saa moja za asubuhi, kabla hujaenda kufungua vitenge vyako, maana ukisubiri jioni utapata sababu ya kuahirisha.

Shangazi yako